Mfuko Mweusi Kutoka Mlimani

Eden Prairie,
12 Machi 2014

Kwa Mama mkwe,

Nakusalimu kwa heshima katika jina la Bwana. Najua ni ajabu kuandikiwa barua na mtu anayekaa upande wa pili wa mji huu huu, tena mwenye simu mfukoni. Lakini nikikupigia utalazimika kusikia sauti yangu, nami nisikie yako, na baada ya yaliyotokea Jumamosi sidhani kama tutaweza. Acha niyaseme hapa, halafu nisiyaseme tena maisha yangu yote.

Mama, naomba radhi.

Safari ya kanisa kwenda kaskazini niliipenda tangu ilipotangazwa. Nilipenda wazo lenu la kupanda mlima na kuomba kileleni kama mlivyozoea kule Masisi, hata kama huku ughaibuni mlima wenyewe umefunikwa theluji hadi mwezi wa nne. Ila sikuomba kuwekwa nyuma ya msafara. Ni Mchungaji Sosthène aliyenipanga niwaangalie akina mama wasibaki njiani. Unajua kwamba tangu nimwoe Héritière sijawahi kukupa mkono wala kula nikiwa meza moja nawe. Ukiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa gereji. Kwetu Kisii ndivyo mkwe anavyomheshimu mama mkwe, na nilifurahi kuona kwenu ni vilevile. Kwa hiyo siku ile nilitembea mbali, nikikuachia nafasi, macho yangu kwenye theluji. Laiti ningekuwa karibu, ningekuambia usitoke kwenye njia iliyokanyagwa. Mwezi wa tatu theluji inadanganya. Juu ni ngumu, chini maji yameshaanza kutembea.

Nilisikia ukipiga ukelele, nikakukuta umezama kijitoni hadi mapajani. Wenzetu walikuwa wameshafika juu, nyimbo zao nazisikia kwa mbali, nikawaita hawakunisikia. Nilipokutoa ulikuwa ukitetemeka, kisha ukaacha kutetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa. Hospitalini tumefundishwa kwamba mtu akifika hapo, nguo zilizolowa zinatoka mara moja. Ukaniambia, "Usiniguse! Mukwe hagusake mama! Uniache hapa, Mungu ataniona." Nikakujibu, "Mama, nisamehe, hapa mimi ni nesi tu." Jibu hilo linanichoma mpaka leo, kwa sababu sikuwa nesi tu. Nilikuwa mume wa binti yako.

Nakuapia, uso wangu niliugeuzia miti. Nilifanya yote kwa kupapasa, nikiimba kwa nguvu ili nisisikie unavyolia. Nikakufunga kwa koti langu na shali yako, nikakubeba mgongoni mpaka kwenye basi. Nguo zilizolowa nilizitia katika mfuko mweusi wa taka na kuupiga fundo. Sikuutazama ndani. Nampa shemeji Heri akuletee pamoja na barua hii.

Sasa ombi langu. Mimba ya Héritière iko mwishoni kabisa. Ulikuwa uhamie kwetu Jumatatu ili mtoto akukute, na hukuja. Kitanda chako kimetandikwa. Sufuria kubwa ya maji ya kumkanda ameinunua mwenyewe, iko juu ya jiko haijaguswa. Kila jioni anasimama dirishani akisikia gari. Kama kizuizi ni mimi, nitaondoka. Binamu yangu Maurice ana nafasi kule Woodbury, nitalala kwake mpaka umalize kazi yako. Hutaniona hata kivuli. Njoo tu, Mama.

Mkwe wako,
Gilbert


Oakdale,
17 Machi 2014

Mkwe wangu,

Barua imefika, na mfuko pia.

Usiniombe radhi, hukukosa kitu. Ungenisikiliza pale mtoni, sasa hivi Heri angekuwa anatafuta pesa za jeneza. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa.

Lakini nyumbani kwako sitakuja. Usinilazimishe kutaja sababu, kwa kuwa unaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Unasema uligeuza uso, nami nakushukuru kwa kunistahi hivyo. Ila nilikuwa sijazimia. Nilikuona umesimama na nguo mkononi, umesimama kabisa, kabla ya kuzitia mfukoni. Mtu hasimami hivyo bure.

Naomba jambo moja tu, ulilolijua siku ile ukae nalo. Usimwambie Héritière. Na zaidi ya wote usimwambie binamu yako Kemunto. Huyo akijua, mimi sitaweza tena kuingia kanisani.

Mwambie mke wangu mdogo (ndivyo ninavyomwita binti yangu, usishangae) kwamba nitamtumia sombe la majani ya muhogo na unga wa uji kwa mkono wa Heri. Maji ya moto mtu yeyote anaweza kuchemsha. Wala usihame nyumba yako kwa ajili yangu, haitasaidia.

Ni mimi,
Vestine Mukandayisenga


Woodbury,
20 Machi 2014

Kwa Mama mkwe,

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea, na bado sielewi. Unasema naijua sababu. Mama, siijui.

Kama ni kwamba nilisimama na nguo mkononi, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikuwa najaribu kufungua mdomo wa mfuko nikashindwa. Kama ni kovu, au mishipa, au jambo lolote ambalo mwanamke hapendi lionekane, sikuliona, na hata ningeliona lisingekuwa kitu. Kazi yangu ni kuosha miguu ya wazee wa Eden Prairie asubuhi hadi jioni. Huu ni mwili tu, nasi sote tunao. Naona aibu hata kuandika neno hilo kwako, lakini nimekwama, sijui nikuambie nini ili uje.

Umemtaja Kemunto. Kemunto hajauliza lolote ila hali yako. Anajilaumu kwamba aliwaacha nyuma akaenda na vijana. Jana alileta soksi za sufu alizokununulia, nikamwambia azipeleke mwenyewe Oakdale, akasema anaogopa.

Mimi nimeshahamia kwa Maurice. Nalala kwenye kochi ambalo magoti yangu hayatoshi. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia ujue kwamba nyumba iko wazi.

Mkwe wako,
Gilbert


Eden Prairie,
26 Machi 2014

Mama,

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki, na Heri nikimuuliza ananijibu "I don't know, ask Mom" na kurudi kwenye mchezo wake. Umetufanya sote tuwe watu wa barua.

Unajua kilichotokea kanisani Jumapili? Hukuwepo, ulisema una mafua. Baada ya ibada wazee walimwita mume wangu kwenye kile chumba cha nyuma. Walimwambia, "Mulikuwa wawili tu kule mulimani. Mama akarudi bila nguo zake. Tangu siku ile hataki kukanyaga kwako. Utufasirie." Nilikuwa nimesimama mlangoni na tumbo langu hili, nikasikia kila neno. Na Gilbert akajibu nini? Akasema, "Muulizeni mama mkwe wangu. Mimi siwezi kuutaja mwili wake mbele ya watu." Basi. Wamemtoa kwenye kwaya mpaka jambo lieleweke. Mama Générose alinipita kwenye maegesho bila kunisalimu.

Nilimlilia aliponirudisha nyumbani, nikamwambia, "Si useme tu ulichofanya? Ulimwokoa!" Akasema kwao mtu hajitetei kwa kumvua mama mkwe mara ya pili.

Nikuambie na lingine ambalo yeye hatakuambia. Ule mlima alipanda bila nguo yake ya ndani ya baridi, ile suruali ndefu ya kubana. Asubuhi ile aliitafuta nyumba nzima akaikosa, nami nikamkaripia kwamba kila kitu anapoteza. Akaenda na suruali yake nyembamba ya kazini. Na koti akakuvisha wewe. Masikio yake yalitoka malengelenge, na mapaja yake mpaka leo hayasikii vizuri nikiyagusa. Wiki iliyopita alikuja kuchukua vitu vyake na bado alikuwa anaulizia ile nguo. Anadhani niliitupa.

Huyo ndiye mtu unayemkimbia.

Mama, alikufanya nini? Kama alikukosea, niambie sasa, kabla sijazaa, nijue mtoto huyu baba yake ni mtu gani. Na kama hakukukosea, basi kosa ni lako, na mimi sitajifanya sioni.

Binti yako,
Héritière


Oakdale,
29 Machi 2014

Mkwe wangu,

Ningepaswa kumjibu Héritière, maana ndiye aliyeniuliza. Lakini deni la jibu hili ni lako kwanza.

Leo nimefungua ule mfuko. Tangu Heri aulete ulikuwa umekaa chini ya sinki ya bafuni, fundo lako halijaguswa. Sikutaka kuuona. Umeanza kunuka.

Mkwe wangu, ile nguo unayoitafuta imo humo. Nilikuwa nimeivaa mimi.

Niandike yote, nisipoyaandika leo sitayaandika tena. Ijumaa ile nililala kwenu ili tuondoke pamoja asubuhi. Nilipoamka nilipita pale penye mashine ya kufulia, nikaona kapu la nguo zilizotoka kukaushwa. Nikatia mkono. Zilikuwa bado na joto. Nikaivuta ile suruali, nikadhani ni ya binti yangu. Nisikudanganye, nilidhani hivyo kwa muda mfupi sana. Kisha nikaona ilivyoshonwa mbele, nikajua ni ya mwanaume, na katika nyumba ile mwanaume ni mmoja. Nikaivaa. Nilikuwa nimechoshwa na baridi ya nchi hii, nimechoka kuhisi upepo ukinipanda chini ya sketi kila nikisimama kituoni. Nikashusha sketi yangu juu yake, hakuna aliyejua, na miguu yangu ikapata raha ambayo haijaipata tangu tushuke kwenye ndege.

Na nikiwa nimevaa hivyo, ndipo nilipomfokea Kemunto mbele ya basi. Ulikuwepo, ulisikia. "Weye binti, iyo pantalon ni ya nini? Mwanamuke wa Mungu hapandake mulima na nguo ya wanaume!" Watu wote walisikia. Mtoto wa watu akainamisha kichwa, akaenda mbele na vijana. Yeye ndiye alikuwa amepangwa kutembea nami. Angekuwa pale, mwanamke mwenzangu ndiye angenivua, na wewe ungekuwa kileleni unaimba.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nishindwe kulala. Nilipokuambia usiniguse, ulidhani nalinda heshima ya ukwe. Sikuwa naifikiria kabisa. Nilikuwa naficha ile nguo. Nilikuwa tayari kufa kwenye theluji, binti yangu azae bila mama, ili tu wewe usione nilichovaa. Nikikumbuka hilo natamani ardhi ipasuke inimeze. Uliposimama na nguo mkononi nikasema basi, ameitambua, amejua mama mkwe wake ni mtu wa namna gani. Nikajua siwezi tena kukaa chini ya paa lako.

Kumbe hukujua. Nimelijua hilo kwa Héritière, kwamba bado unaulizia ile nguo. Na nikukiri jambo baya zaidi. Niliposoma mstari huo, nilifurahi. Nikasema nitaichoma, nitakuja Eden Prairie na sombe langu, nitasema nilikuwa mgonjwa, yote yataisha. Nikainuka kabisa kutafuta kiberiti. Kisha nikakuona umesimama mbele ya wazee na masikio yako yaliyoungua, unanitetea kwa kunyamaza, nami natafuta kiberiti. Nikaketi chini.

Hata nikija kwako leo, watu wataendelea kukutazama. Watasema mama amesamehe. Amemsamehe nani, kwa lipi?

Kesho Jumapili nitasimama kanisani. Nitasema nilivaa nini, ilikuwa ya nani, na nilimfokea nani nikiwa nimeivaa. Najua watakaocheka, majina yao naweza kukuandikia hapa. Wacheke. Heri nimemwambia anipeleke mapema, akaniuliza, "Mom, are you okay?" Nikamwambia atege saa.

Jioni nitakuja kwenu. Kama hutaki niingie baada ya haya, mwambie Héritière asifungue mlango. Nitaelewa, na nitarudi.

Vestine


Eden Prairie,
2 Aprili 2014

Kwa Mama mkwe,

Nakuandikia nikiwa gereji, wewe uko jikoni. Nasikia maji yanachemka kwenye ile sufuria kubwa. Barua hii nitaiacha juu ya friji, nawe utaikuta nikishaenda kazini.

Barua yako ya Jumamosi ilichelewa, nimeipata jana. Jumapili nilikuwa zamu, kwa hiyo yaliyotokea kanisani niliyasikia kwa Kemunto. Alinipigia analia mpaka nikadhani kuna msiba. Anasema ulisimama ukasema yote bila kushika kitu, na watu wengine wakacheka, na si kicheko kizuri. Anasema ulitoka kwa mlango wa pembeni bila koti, naye akachukua koti lako akakufuata nje. Hakuniambia mlizungumza nini, nami sikuuliza. Mchungaji Sosthène amenipigia kuniomba msamaha. Amesema nirudi kwaya. Nimemwambia nitarudi siku utakayokaa wewe kwenye kiti chako cha mbele.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani badala ya kwa Maurice, nikaona viatu vyako mlangoni, nikazunguka nikaingia kwa gereji kama kawaida. Sijawahi kufurahia gereji namna hiyo. Na Jumatatu ulipomshika Héritière mkono mpaka mwisho, nami nikiwa upande wa pili wa pazia ili tusitazamane, nilisikia unamwambia, "Sukuma, mama yangu, niko hapa." Nimesikia wanawake wengi wakizaa hospitalini. Sijawahi kulia.

Sasa kuhusu ile nguo. Mama, sielewi umejishtaki kwa nini. Nguo yangu nimeipata. Ilikuwa imeangukia nyuma ya mashine ya kufulia, jana ndipo nilipoivuta. Hiyo uliyovaa itakuwa ile niliyomnunulia Héritière majira ya baridi yaliyopita, duka lilikuwa limebakiza za kiume tu. Alikataa kuivaa. Kwa hiyo ulivaa nguo ya binti yako, na hakuna mwenye lolote la kusema. Naomba tusiitaje tena.

Jina la mtoto tumekubaliana. Ni Uwimana, kama ulivyotaka. Mama yangu kule Nyamira amepewa la pili, naye ameridhika.

Mkwe wako,
Gilbert


Eden Prairie,
4 Aprili 2014

Baba Uwimana,

Mtoto amenyonya vizuri, mama yake amelala. Theluji imeanguka tena tangu jana, nzito, mpaka matawi ya nje yamevunjika. Nilidhani mwezi wa nne hapa watu wanapanda mahindi.

Nimesoma ulivyoandika. Namshukuru Mungu kwamba nguo yako ilipatikana. Leo nilipokuwa nafagia, nilikwenda kuangalia nyuma ya ile mashine. Vumbi la huko ni la miaka, na hakuna mkono uliopita.

Sitakuuliza. Umenigeuzia uso kwenye miti mara ya pili, nami mara hii sitajifanya sikuona. Aibu ninayo bado. Kanisani nikiingia Jumapili nitakaa nayo pale mbele, karibu na Kemunto, ambaye atakuja na suruali yake, nami nimemwambia aje nayo.

Basi kama unavyosema, hii niliyo nayo si yako. Nimeifua mara tatu. Asubuhi hii nimeivaa nikatoka kukwangua theluji kwenye gari lako, ili usichelewe kazini. Ni ndefu sana, nimeikunja miguuni.

Uji wako uko juu ya jiko. Nimeshatoka jikoni, niko chumbani na mtoto. Ingia ule kabla haujapoa.

Bibi yake Uwimana